Picha Iliyokataa Kusogea

Wifi yangu alikuwa na mdomo mkali na mkono mtulivu. Kwa mdomo ule tuligombana tangu wiki ya kwanza nilipoolewa na kaka yake. Kwa mkono ule alihariri video, na hapo sina ubishi naye, alikuwa fundi. Watu walimletea picha zao za harusi, za mahafali, za misiba, naye akaziunganisha, akazitia muziki na kuzipa mwendo. Picha ni karatasi iliyosimama, lakini ikitoka mikononi mwake unaiona kwenye skrini inakusogelea polepole, au jicho linatembea kutoka uso huu hadi uso ule, mpaka unajikuta unasubiri mtu apepese macho. Haya nayaeleza mimi, mtu wa kuja katika ukoo huu, kwa sababu wenye ukoo wao wameamua kukaa kimya, na kukaa kimya mimi sikuzaliwa nako.

Studio yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi za nyumba. Ukipanda ngazi pua inajaa harufu ya rangi, ukifungua mlango unapokelewa na joto la mashine. Dirishani alitundika pazia zito ili jua lisimharibie rangi za skrini, kwa hiyo hata saa saba mchana mle ndani ilikuwa kama jioni. Kazi alifundishwa na mwenye studio wa zamani, mzee mmoja tuliyemwita Mzee Lenzi, ambaye siku hizi hatunaye. Mzee Lenzi alikuwa na sharti moja, na kila aliyepita mikononi mwake alilishika. Mtu aliye hai, picha yake unaisogelea. Aliyefariki, unarudi nyuma taratibu, unamwacha aende. Mafundi wengine walimcheka, wakasema mzee anachanganya kompyuta na mizimu. Wifi naye alicheka, ila sharti lenyewe hakulivunja hata mara moja.

Jumamosi moja mchana nilimpelekea albamu ya mama mkwe wangu, yaani mama yake. Bibi huyo alikuwa anatimiza miaka sabini, na mume wangu, mtoto wa kwanza anayependa kuonekana mtoto wa kwanza, alikuwa ameamua ifanyike sherehe ukumbini, na kwenye sherehe ionyeshwe video ya maisha ya mama. Nilimkuta wifi na binti yake wa pekee. Binti huyu alirithi jina la bibi yake, kwa hiyo nyumba nzima tulimwita Somo. Alikuwa amemaliza shule, anasubiri kwenda chuo cha uuguzi, na siku ile ndiye aliyekuwa anaziingiza picha kwenye skana moja moja huku akitoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba. Alisema mjomba wake ujanani alikuwa na masikio ya kupokea redio. Nilicheka mpaka nikaketi.

Wifi alinifundisha kazi yake inavyokwenda, kwa kejeli zake za kawaida. Kwenye picha unachora mraba wa kijani pale jicho linapoanzia, na mraba mwekundu pale linapoishia. Kijani kikiwa kikubwa na chekundu kidogo, unasogea karibu. Ukivigeuza, unarudi nyuma. Katikati ya hapo programu inajaza yenyewe. Akasema kazi yote ni miraba miwili, hata mimi ningeiweza, tatizo langu ni uvivu. Nikamjibu kwamba tatizo lake ni kukosa mume wa kumpunguzia maneno. Ndivyo tulivyopendana.

Akaiweka picha ya Somo ya siku aliyomaliza shule, amesimama mbele ya geti, anacheka, cheti kifuani. Kijani kikazunguka picha nzima, chekundu kikazunguka uso. Akabonyeza.

Picha ikarudi nyuma.

Somo akamwambia mama yake kwamba uzee umeanza kubisha hodi. Wifi akaitazama miraba. Ilikuwa sawasawa, kikubwa kijani, kidogo chekundu. Akaifuta, akaichora upya, akabonyeza tena. Uso wa Somo ukaanza ukiwa umejaa skrini, ukapungua, akaonekana kifua, akaonekana miguu, likaonekana geti. Wifi hakutania tena. Akamtuma Somo akatuletee maji ya kunywa dukani, na mtoto alipofunga mlango tu akabonyeza mara ya tatu.

Sasa hapa nisikilizwe vizuri. Picha ina mwisho wake. Ukirudi nyuma ukaupita ukingo wa picha, programu haina cha kukuonyesha, inaweka weusi pembeni, basi. Wifi alikuwa ameshanieleza hivyo. Ile picha ilirudi nyuma mpaka ukingoni ikaendelea, na weusi haukuja. Uliendelea ukuta wa shule. Ikaonekana barabara ambayo mpiga picha hakuipiga. Ikaonekana miti. Na chini ya ukuta, upande wa kushoto wa Somo, alisimama msichana mwenye gauni fupi lililombana mabegani, amemtazama Somo kama mtu anayemsubiri mwenzake waondoke.

Wifi aliushika mkono wangu. 

"Niambie unachokiona," alininong'oneza. "Usinitanie."

"Namwona msichana."

"Basi sijachanganyikiwa," alisema, na kwa jinsi alivyosema nilijua angefurahi zaidi kama angekuwa amechanganyikiwa.

Ngazi zikalia, Somo anarudi na maji. Wifi akaizima skrini. Mtoto akatutazama sote wawili, akauliza nani amekufa. Tukacheka kicheko cha uongo, na yeye akajimiminia maji, akakohoa kidogo, akasema vumbi la albamu za bibi litammaliza.

Wifi alimruhusu aende nyumbani mapema. Mimi nilibaki. Akaanza kuzitoa picha za zamani kwenye albamu na kuzipanga mezani, zile za yeye na kaka yake wakiwa watoto. Mimi albamu ile niliishika miaka yote ya ndoa yangu, na kila mara niliona baadhi ya picha zina ukingo wa meno meno, nikadhani ni urembo, maana picha za kale zilikuwa na madoido hayo. Wifi akazigeuza chini ya taa. Meno yalikuwa upande mmoja tu. Pande nyingine tatu zilikuwa zimenyooka. Mama mkwe wangu alikuwa mshonaji maisha yake yote, na kila mshonaji ana mkasi wa meno, ule wa kukatia kitambaa kisifumuke. Mtu alikuwa amezikata picha zile kwa mkasi wa nguo.

Kwenye picha moja wifi ni mtoto mdogo, amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yao. Begani kwake kuna vidole vinne. Mkono wenyewe umekatwa kwenye kifundo, meno ya mkasi yamepita hapo.

 Kisha wifi akaiingiza kwenye skana, akachora kijani kwenye uso wake mwenyewe wa utotoni na chekundu kwenye vile vidole, ukingoni kabisa, akabonyeza. Jicho likatembea kutoka uso hadi begani, likafika kwenye vidole, likafika kwenye meno. Halikusimama. Ukafuata mkono. Ikafuata mikunjo ya gauni. Lilikuwa gauni lile lile fupi, na juu yake uso ule ule, isipokuwa hapa msichana alikuwa anatabasamu, amemkumbatia mtoto kwa namna ya mtu aliyezoea kumbeba.

Wifi alianza kulia bila sauti. Alisema anaukumbuka mgongo. Uso haukumbuki, lakini mgongo anaukumbuka, mgongo mwembamba wenye harufu ya sabuni ya kufulia, akiwa amefungwa kwa kanga, mtu anamwimbia. Alipokua aliuliza, akaambiwa yule alikuwa mfanyakazi, akaolewa, akaenda zake.

Nilimrudia mume wangu jioni ile hasira zimenijaa. Alikuwa amekaa sebuleni anakata kucha. Mwanzoni alijifanya hasikii, halafu akajifanya hakumbuki, na nilipomwambia kwamba basi nitamwuliza mama yake mbele ya wageni wote ukumbini, kumbukumbu zikamrudia zenyewe. Msichana alikuwa mtoto wa baba yao. Baba alimzaa kabla ya ndoa, na mama wa msichana alipofariki akamleta nyumbani. Mama mkwe wangu alimpokea jikoni na akamwacha huko huko. Alifua, alipika, alilea. Mwaka mmoja akashikwa na kifua. Baba alikuwa safarini. Mama akasema anajidekeza, mvivu akiitwa kazini lazima akohoe, akampa nguo za kufua. Alikohoa kwenye chumba cha nyuma mpaka siku aliyonyamaza. Alizikwa asubuhi na mapema, na mama akaketi na albamu na mkasi.

"Mambo ya zamani hayo," mume wangu alisema, akarudi kwenye kucha zake.

Nimelala na mwanamume huyu miaka yote ile. 

Wiki iliyofuata kifua kikamshika Somo. Si kifua cha kutisha, kikohozi cha kawaida, kila mtu alisema hivyo. Hospitali walimpima, wakampiga picha ya mapafu, wakasema mapafu safi. Wakampa dawa ya maji ya rangi nyekundu. Lakini aliendelea kukohoa, na akawa anasema maneno yanayomkosesha mama yake usingizi. Alisema chumba kimekuwa kirefu. Alisema akilala anaona mlango uko mbali.

Kule studio wifi alijaribu kila njia. Aliibadilisha programu, akaazima kompyuta ya mtu mwingine, akaondoa mwendo kabisa ili picha isimame tu. Kila picha ya Somo, hata ile ya utotoni akiwa ndani ya beseni, ilirudi nyuma. Kila ikirudi nyuma ilimfikia yule msichana, na kila mara alikuwa amesogea hatua kumkaribia. Picha za watu wengine zilitii. Za mama mkwe zilitii kuliko zote, zilisogea vizuri, mpaka ukaona unga wa poda kwenye mashavu yake.

Ndipo wifi akaelewa, na alinieleza huku akizungukazunguka mle chumbani. Marehemu wote wa ukoo huu wamewahi kuwekwa kwenye video. Baba mkwe yumo, babu yumo, hata yule mjomba mlevi yumo. Wote Mzee Lenzi aliwarudisha nyuma, akawaaga. Huyu dada yao hakuna aliyemwaga. Amebaki amesimama pale pale alipokatwa, na sasa amechoka kusimama peke yake.

Akaifanya kazi ile mchana kutwa. Kutoka kwenye picha ya kizingitini alinasa uso wa msichana, ule uliokuwa nje ya meno ya mkasi, akauweka katikati ya video, kati ya picha za watoto wengine. Chini akaandika kwamba huyu ni dada yetu mkubwa. Akachora mraba mdogo wa kijani, mkubwa mwekundu, mwendo wa kuaga. Akabonyeza, na mimi nilikuwepo. Picha ikatii. Msichana alituangalia, akapungua, akapungua, akaingia kwenye weusi. Na picha ya Somo iliyofuata ikasogea. Ilikuja mpaka macho yake yakajaa skrini.

Jioni ile Somo alikula sahani mbili, akaniuliza anti mbona nimekonda, au mjomba ananinyima chakula. Nilijifungia bafuni nikalia kwa furaha. Nakiri nilimpenda mtoto yule kuliko nilivyowahi kumwambia.

Lililobaki lilikuwa jambo moja, video ionyeshwe mbele ya watu wa nyumba, maana hakuna anayeagwa chumbani kwa siri. Wifi hakutaka kumvizia mama yake. Alikwenda kumwomba, nami nikamsindikiza. Tulimkuta anajaribu gauni la sherehe mbele ya kioo, pini mdomoni. Wifi alipiga magoti. Sikuwahi kumwona wifi yangu akipiga magoti mbele ya mtu yeyote. Alimweleza yote, miraba, kikohozi, kila kitu, na alipomaliza alimwomba si msamaha wala maelezo, alimwomba tu akae kimya picha ile itakapopita.

Mama mkwe alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Mimi nimezaa wawili," alisema. "Nikiona watatu pale ukumbini, wewe si mwanangu."

"Mama, Somo atakufa."

"Ana mafua. Kila mvivu ana mafua."

Nilimtazama machoni kupitia kile kioo. Hakuwa mtu asiyeamini. Aliamini kuliko sisi wote. Ila alikuwa anapima, na sisi tuliona anapima, na tuliona pia mzani ulivyolala.

Wifi aliamua kuionyesha hata hivyo. Asubuhi ya sherehe alimkabidhi mwenye projekta kazi yake mkononi, akamsisitizia mara mbili. Mimi nilihangaika na viti na vitambaa vya meza. Mume wangu nilimwona pembeni anaichezea simu, nikadhani ni mpira.

Ilikuwa alasiri. Mapazia ya ukumbi yalifungwa, watu wakanyamaza, muziki ukaanza, na hapo hapo nikajua. Haukuwa muziki wa wifi. Ulikuwa ule muziki wa kwenye simu, wa bure, wa kengele kengele. Mume wangu, kwa amri ya mama yake, alikuwa amezipiga picha za albamu kwa simu, akazitia kwenye programu inayojichagulia kila kitu yenyewe, mwendo na muziki, kisha akamwendea mwenye projekta kimya kimya. Dada mkubwa hakuwemo.

Mama mkwe akaja skrini nzima, anasogea. Mume wangu akasogea, na masikio yake. Wifi akasogea. Watu wakapiga vigelegele. Mwisho kabisa ikaja picha ya Somo getini.

Ikarudi nyuma.

Ukaonekana ukuta. Ikaonekana barabara. Msichana alikuwa pale. Safari hii hakusimama mbali. Alikuwa ameushika mkono wa Somo.

Somo mwenyewe alikuwa amekaa meza ya mbele, anapiga makofi kama wengine. Wifi aliinuka, akapita katikati ya viti, akaenda kusimama mbele ya skrini, mikono ameitandaza. Picha ikamwangukia mwilini. Nilimwona mwanawe juu ya gauni lake, kifuani, mdogo kama kidole, halafu kama punje, bado anarudi nyuma, bado ameshikwa mkono. Kisha ikawa nukta ya mwanga kwenye kitambaa, halafu hakuna. Watu walicheka, wakadhani ni mbwembwe za mama wa mtoto. Baadaye niliwauliza wengi. Wote walisema waliona mwisho mzuri tu, picha inaisha taratibu. Mama mkwe ndiye peke yake aliyekuwa ameinamisha kichwa, anaangalia sakafu, kabla hata picha haijaisha.

Somo alianza kukohoa wakati wa kukata keki.

Hospitali walimpa kitanda karibu na dirisha. Mapafu bado walisema ni safi. Wifi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mkono wa mwanawe ameukumbatia kwa mikono yake miwili, na mimi nilikuwa upande wa pili nimemshika mguu. Tulikuwa karibu naye kiasi cha kusikia tumbo lake likinguruma. Alifungua macho, akatutafuta. Yakapita juu yetu, yakatafuta mbali, kama mtu anayewatafuta wenzake ng'ambo ya uwanja.

"Anti," alisema, sauti ya kuita mtu aliye mbali. "Mwambie mama asogee. Mbona mnakaa mbali hivyo?"

Wifi alimwinamia mpaka paji likagusa paji.

"Nipo hapa, mwanangu."

"Mmekuwa wadogo," Somo alisema.

Hakusema kitu tena. Ilikuwa mchana, wauguzi wanabadilishana zamu, mtu anavuta kigari cha chakula kwenye korido.

Sitaki kusimulia mazishi. Mama mkwe alilia kuliko wote, na watu walimpepea. Wifi alimtazama tu. Walipotaka kuandaa video ya marehemu, wifi alisema anayetaka kumrudisha mwanawe nyuma akairudishe kwanza dunia. Alizima mashine zake, akaufunga ule mlango wa juu ya duka la rangi, akaapa mbele yetu sote kwamba penye mama yake hatakanyaga tena mpaka mmoja wao azikwe. Hakuna aliyethubutu kumwambia apunguze hasira. Mume wangu alijaribu kuanza sentensi, nikamwangalia, akaimeza.

Mama mkwe hakutaka tena kuishi peke yake, akahamia kwetu. Mimi ndiye niliyempa chumba, mimi ndiye ninayempikia. Msiniulize kwa nini. Nampikia, namfulia, na simsamehe.

Sebuleni tuna kochi la watu watatu. Tangu siku ya kwanza mama alikaa mwisho kabisa, ubavu umeegemea mkono wa kochi, magoti ameyabana, kama abiria aliyepata nafasi ya huruma. Kochi zima tupu. Nilidhani ni huzuni, halafu nikadhani ni uzee. Mchana mmoja tulikuwa wawili tu, nikachoka kumtazama.

"Mama, kaa katikati ukae vizuri."

Hakunitazama. Alikuwa anaangalia mbele, midomo imemkauka.

"Nimebanwa," alisema.

Alipoinuka kwenda msalani nilikwenda kuikung'uta mito. Ule wa katikati ulikuwa umebonyea. Ule wa mwisho mwingine pia umebonyea. Nikaweka kiganja kwenye wa kwanza, nikakitoa haraka. Nikajipa moyo, nikaweka kwenye wa pili. Yote miwili ilikuwa ya moto, joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Nyumbani hakukuwa na mtu mwingine.

Nilifikiria siku nzima kama nimwambie wifi au nimwache apumzike. Mwisho nilimpigia simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakata, na kabla jua halijashuka alikuwa mlangoni kwangu, viatu havijafungwa. Alimpita mama yake bila salamu. Akapiga magoti mbele ya kochi, akaweka kiganja kwenye mto wa katikati, akakiacha hapo kidogo kwa adabu. Kisha akakihamishia kwenye mto wa mwisho. Mabega yakamshuka. Akalaza shavu lake pale, akafumba macho.

"Huyu," alininong'oneza.

Siku hizi huja kila Jumapili mchana. Hamsalimii mama yake, wala mama hamsalimii. Mimi naleta chai, vikombe vitatu, halafu vingine viwili ambavyo mume wangu huniuliza ni vya nani nami simjibu. Wifi hukaa sakafuni, mkono umelala juu ya ule mto, anaongea polepole habari za mtaani, nani kaolewa, nani kafungua saluni. Mama mkwe anazidi kujibana kwenye mkono wa kochi, na hakuna anayemwambia asogee.